Kwa Dada Godelieve, Uliyekaa Nje Siku ya Kura

Mwaka umetimia, dada Godelieve, tangu Jumanne ile ya Novemba ulipofumba macho hospitalini, saa moja asubuhi, nje bado giza na taa za barabarani zinawaka. Félix, mumeo, alikuwa amekushika mkono. Mimi nilikuwa kazini, nageuza basi. Simu iliita mara tatu kabla sijapokea.

Familia imenipa kalamu mimi Callixte, mdogo wako. Félix alisema hawezi. Binti yako Diane alisema anaweza, ila kwa Kiswidi, na wewe hukutaka kamwe mambo ya nyumbani yaandikwe kwa lugha ya ofisini. Basi nimebaki mimi, dereva wa basi, ambaye barua ndefu kuliko zote niliyowahi kuandika ilikuwa ya kulalamikia zamu. Utanivumilia. Ulizoea.

Jumamosi hii tunaondoa matanga. Desturi yetu ya Burundi unaijua kuliko mimi: kabla watu hawajakaa kula, familia inasimama na kuuliza kama kuna aliyebaki na neno na marehemu. Mwenye nalo analisema hapo hapo. Baada ya hapo limefungwa, halifunguliwi tena.

Wapo watu wa mitaa yetu hapa Stockholm, wa Rinkeby, wa Hagsätra, wa Spånga, waliobaki na neno na wewe tangu siku ya kura ya kliniki. Hawakuja kukuzika kwa sababu ya neno hilo. Na mimi ninalo langu, baya zaidi ya yote. Sitaki Jumamosi ifike kabla jina lako halijasafishwa. Ndiyo maana tangazo hili limekuwa refu, na atakayechoka kusoma apumzike kidogo, kisha aendelee.

Ulizaliwa Bujumbura, mtaa wa Bwiza, mtoto wa kwanza wa mama yetu muuza maandazi. Tulipokimbia mwaka 1993 ulikuwa na miaka kumi na miwili, mimi mitatu, na ulinibeba mpaka tukavuka kuingia Tanzania. Sikumbuki chochote cha safari ile. Mama ndiye aliyetuhadithia kwamba ulikataa kunikabidhi kwa mtu yeyote, hata kwake.

Kambini, karibu na Kasulu, ndiko ulikoanzia siasa, ingawa hakuna aliyeiita siasa. Ulikuwa msichana wa miaka kumi na minne. Siku ya mgao wa mahindi ulimwambia mgawaji, mbele ya foleni nzima, kwamba kopo lake la kupimia limebonyea ubavuni na kila familia inapunjwa. Mama akakuvuta sketi: "Nyamaza wewe, tutakosa yote!" Hukunyamaza. Wiki iliyofuata kopo lilikuwa jipya. Mama hakukusemesha siku tatu nzima, kisha akaanza kuwasimulia majirani kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Tulipofika Stockholm ulipata kazi kwenye nyumba ya wazee. Uliwaogesha, uliwalisha, uliwasikiliza. Kiswidi ulijifunza kwao, kwa hiyo ulikuwa unaongea kama bibi wa miaka themanini na tano. Diane alikuwa anacheka mpaka analia. Anakwambia kwa Kiswidi chake cha shuleni kwamba hakuna mtu duniani anayesema hivyo tena. Wewe unamjibu kwa Kiswahili, "Mimi nasema." Baadaye kule barazani, ukisimama kuongea, hata wapinzani wako walikuwa wanatulia. Nadhani uliwakumbusha bibi zao.

Ulipokuwa na mimba ya Armel, kitinda mimba wako, ulikwenda kliniki kupimwa ukamkuta mama mmoja wa Kikongomani anaelezwa habari mbaya za mtoto aliye tumboni mwake. Aliyekuwa anamtafsiria ni binti yake mwenyewe, wa miaka minane. Ulirudi nyumbani ukashindwa kula. Ukaandika barua kwa wakubwa, hawakujibu. Ukaichukua barua ile ile ukaenda nayo kwenye mkutano wa chama cha siasa, ukaisoma kwa sauti. Wakakupa kahawa na keki. Ukarudi mwezi uliofuata, kahawa na keki tena. Baada ya miaka kadhaa ya kahawa na keki, wakaandika jina lako chini kabisa ya orodha ya wagombea wa baraza la mkoa.

Chini kabisa! Lakini hapa Sweden mpiga kura anaruhusiwa kutia alama kwenye jina analolitaka, hata likiwa la mwisho. Tukapita mlango kwa mlango na mfano wa karatasi ya kura. Mama, tia alama hapa. Mzee, jina ni hili, Godelieve, huyu wetu. Mwaka 2018 ukaingia barazani, mtu wa kwanza kutoka kwetu kukaa kwenye viti vile. Malik, mwenye duka la vyakula pale Rinkeby, aligawa soda kwa kila aliyeingia, hata wasiojua kuna nini. Watu wakaanza kukuita Mheshimiwa. Ukawaambia unaitwa Mama Diane. Wakaendelea na Mheshimiwa.

Hotuba yako ya kwanza ilikuwa ya dakika mbili. Nilikuwa juu, kwenye roshani ya watazamaji. Ulisema juu ya wakalimani. Ulisema mtoto wa miaka minane asiambiwe kifo cha ndugu yake ili amwambie mama yake. Ulirudia jambo hilo miaka miwili, mkutano hadi mkutano, mpaka likapita. Leo mama zetu wanaingia kliniki wanakuta mkalimani mtu mzima. Wengi hawajui kwamba ni kazi yako, nawe hukuwaambia.

Simu yako, dada. Ulikuwa unaiweka kando ya sufuria, sauti juu, unapika ndagala, dagaa wa kwetu, huku unasikiliza mtu aliyenyimwa nyumba. Shida za watu ulikuwa unaziandika nyuma ya bahasha, na bahasha zikajaa kila droo. Armel alikuwa anakasirika: "Mamma, lägg på!" Kata simu. Nawe unamnyooshea kijiko, mwanangu, huyu naye ni mama ya mtu. Mpaka leo namba yako inaita. Kuna wasiojua. Diane anapokea, anasema mama hayupo tena, halafu anasikia mtu wa upande wa pili anavyohangaika, na anachukua bahasha anaandika.

Sasa nifike kwenye kura.

Kuna desturi yao barazani wanayoiita kvittning. Mjumbe wa upande mmoja akipatwa na ugonjwa au msiba, mjumbe mmoja wa upande wa pili anakubali kukaa nje naye asipige kura, ili msiba wa mtu usiamue mambo ya mkoa. Hakuna mkataba wala sahihi. Ni ahadi tu ya mtu kwa mtu. Sisi wengine hatukuijua. Ungeniuliza wakati ule, ningekwambia kvittning ni aina ya jibini.

Wewe uliijua kupitia msiba wetu. Mwaka wako wa kwanza barazani mama alifariki Bujumbura, alikokuwa amerudi kuzeekea. Ulipanda ndege siku ya kura kubwa. Mtu mmoja wa upande wa pili, Anton wa Spånga, mzee wa miaka karibu sitini ambaye mlikuwa hamjawahi hata kusalimiana vizuri, alisikia ukiwaeleza wenzako kwenye simu. Akakufuata kwenye korido akasema, "Nenda ukamzike mama yako. Mimi nitakaa nje." Ulitusimulia haya Bujumbura kwenye matanga. Mimi nilikuwa nalia na sikuyatilia maanani.

Mwaka uliopita, mwezi wa Machi, likaja suala la kuifunga kliniki ya wajawazito ya mtaani kwetu. Upande wa akina Anton walitaka huduma zihamishiwe mjini. Upande wako mlipinga, na wewe ndiye uliyepinga kuliko wote. Mke wangu Muthoni alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikuwa na mkunga wake pale, mama wa makamo aliyejifunza kusema "vuta pumzi, mama" kwa Kiswahili. Jambo hilo lilituhusu sana.

Siku ya kura tulijaza roshani na mabango yetu. Tulijua hesabu ni ngumu. Mmoja wao alikuwa ametangaza hatapiga kura, kwa hiyo pande mbili zingelingana, na kura zikilingana ya mwenyekiti ndiyo inayoamua. Mwenyekiti alikuwa wao. Lakini tulipochungulia chini tukaona kiti cha Anton kitupu. Jamani! Watu walishikana mikono. Mmoja wao hayupo, basi tumeshinda kwa kura moja. Mama mmoja wa Kirundi alianza kuimba kwa sauti ya chini.

Halafu mtu akasema, "Mheshimiwa wetu yuko wapi?"

Kiti chako pia kilikuwa kitupu. Kengele ikalia, wakabonyeza vifungo vyao, sabini na tatu kwa sabini na tatu. Mwenyekiti akaamua. Kliniki ikafungwa. Dakika tano baadaye ukaingia kwa mlango wa pembeni, na makabrasha yako kifuani, ukakaa kwenye kiti chako tayari kwa ajenda inayofuata.

Roshani ikalipuka. Na katika kelele zile sauti moja ya mwanamume ikapanda juu ya zote, kwa Kiswahili: "Umetuuza! Umetuuza kama mbuzi!" Mwenyekiti akagonga meza, walinzi wakatoa watu wote nje. Gazeti liliandika kwamba mtu alipiga kelele kwa lugha ngeni.

Jioni nilikupigia.

"Ulikuwa wapi?"

"Nje. Nilikaa kwenye benchi."

"Benchi la nini, dada?"

"Ni kvittning, Callixte. Tulipatana."

"Mlipatana na nani?"

"Na mtu wa upande ule."

"Kwa sababu gani?"

Wewe ukasema, "Siwezi kukwambia. Naomba uniamini."

Nikakata simu. Neno nililobaki nalo masikioni lilikuwa mlipatana. Kesho yake lilikuwa kila mahali, kwenye duka la Malik, kanisani, kwenye simu za watu: Mheshimiwa alipatana nao. Mwingine akasema ulipewa cheo. Mwingine akasema nyumba. Chama chako nacho kilikuita. Walikuuliza kwa nini hukuomba ruhusa kwa kura nzito namna ile, ukawapa jibu lile lile. Wakakuondoa kwenye kamati ya afya, uliyoitumikia miaka sita.

Ulisikia yote hayo. Uliendelea kupanda treni ile ile ya buluu na makabrasha yako, na watu wetu wanahamia behewa jingine.

Lina, binti yangu, alizaliwa Mei, hospitali ya mbali, salama. Uliniandikia ujumbe: hongera, nije lini? Sikujibu. Ukaandika tena Juni. Muthoni akaniambia, "Callixte, peleka mtoto kwa shangazi yake. Hii kiburi yako itakuumiza wewe kwanza." Nikasema asiniingilie mambo ya ndugu yangu. Ulimtumia Lina sweta ya manjano uliyoifuma kazini wakati wa mapumziko. Muthoni alimvisha nikiwa zamu, na kumvua kabla sijarudi.

Agosti madaktari wakaona uvimbe kwenye kongosho. Oktoba hukuweza tena kushuka ngazi. Nilikuja hospitalini mara moja, wiki ya mwisho. Ulikuwa umelala kwa dawa. Nilikaa dakika kumi na koti langu la kazi sijalivua. Nilijiambia nitarudi Alhamisi na mtoto, maana siku hiyo alikuwa na mafua na wagonjwa hawafai kusogelewa na mafua. Alhamisi ilikuwa imeshachelewa kwa siku mbili.

Hukumshika Lina, dada. Hilo nalijua kila ninapomnyanyua.

Tulikuzika Desemba. Félix aliazima viti mia moja kanisani, tukatumia ishirini na saba. Vingine vilibaki vimepangwa ukutani, na hakuna aliyetaka kuviangalia. Wewe ambaye hukukosa hata msiba mmoja wa watu hawa! Ulipika, uliosha vyombo, ulitafsiri karatasi za maziko za watu usiowajua. Nilikaa pale nimekasirika na wasiokuja, nami moyoni najua sina haki ya kumkasirikia mtu.

Septemba mwaka huu Anton alikuja Rinkeby. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Félix alimkaribisha, Diane akampa kahawa ambayo hakuigusa. Mimi nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimekuja kutengeneza mlango wa kabati. Akasema amekuja kueleza kuhusu ile kura.

Asubuhi ya siku ile, alisema, binti yake Rebecka, wa miaka kumi na saba, alijaribu kujiua. Walimwahi. Saa kumi na mbili Anton alikuwa ameketi nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, hajui kama mtoto atapona. Akajua hawezi kwenda kupiga kura, na akajua akiwaambia wa chama chake sababu, itafika kwa waandishi kabla ya saa sita. Akakupigia wewe. Si mwenzake wa chama. Wewe, mpinzani wake.

Tulimuuliza ulimjibu nini. Akafuta macho, mzee wa watu. Alisema alijua kliniki ile ni nini kwako. Lakini ukasema, "Kaa na mtoto wako. Mimi nitakaa nje." Akakuomba usimwambie mtu yeyote, hata mumeo. Ukasema sawa.

Kwa hiyo ulijua. Ulijua kiti chake ni kitupu, na ukiingia tu ndani na kubonyeza kifungo, kliniki inapona na wewe unabebwa mabegani mpaka Rinkeby. Ungeshinda kwa sababu msichana wa watu yuko mahututi. Ukabaki kwenye benchi. Mimi leo nasema waziwazi, sijui kama ningeweza. Nadhani ningeingia.

Na kliniki bado imefungwa. Hilo halikubadilika kwa sababu tumejua ukweli. Asubuhi nawapakia akina mama wenye matumbo makubwa kwenye basi langu, wanakwenda mjini, na wengine wanasimama. Atakayeendelea kukulaumu kwa hilo ana haki ya kulaumu. Lakini asiseme uliuza. Hukuuza kitu.

Rebecka amepona. Yuko chuoni. Yeye ndiye aliyemwambia baba yake aje kwetu, na yeye ndiye aliyesema tuandike jina lake hapa, asifichwe. Tunamshukuru. Ana ujasiri ambao sisi watu wazima tulikosa.

Siku ile, Anton alipomaliza, nilimjia juu. Nilisimama kabisa. Nikamwambia, wewe ulikaa miezi minane ukisikia dada yangu anaitwa msaliti, ukanyamaza! Alikufa hivyo, nawe umenyamaza! Ulikuwa mtu gani wewe? Hakujitetea. Alisema, "Mwoga. Nilikuwa mwoga." Nikataka kuendelea. Sikuendelea, dada, na najua kwa nini. Nikaokota bisibisi yangu nikaondoka, mlango wa kabati ukabaki unaning'inia.

Ile sauti ya kwenye roshani ilikuwa yangu.

Nilifika nimechelewa siku ile, na sare ya kazi. Nilisimama nyuma kabisa, kwenye kona karibu na mlango, ambapo wa mbele hawakuniona. Nilipopiga kelele nilitoka kabla walinzi hawajatufikia. Wakati wengine wanashuka ngazi mimi nilishafika barabarani. Watu wakaulizana ni nani, na mwisho wakakubaliana kwamba ni Obedi, kijana wa Kitanzania wa Hagsätra mwenye mdomo mrefu, aliyekuwa ametengeneza mabango. Obedi akakana. Hakuna aliyemwamini. Mimi nilikuwepo alipokuwa anakana, nikakoroga chai yangu.

Siku ya maziko Obedi alikuja. Alikuwa miongoni mwa wale ishirini na saba. Alisogea kushika jeneza, na Félix akamwambia mbele ya watu, "Wewe usimguse." Obedi akarudi nyuma, akasimama peke yake kwenye theluji mpaka mwisho. Nafasi yake nikaishika mimi. Nilikubeba mimi, dada, kwa mkono wa kushoto, na nikanyamaza.

Obedi, kama unasoma hapa, hukukosea chochote. Nimekuibia jina lako kwa mwaka mmoja na miezi minane. Nisamehe ukiweza.

Jumapili iliyopita niliwasomea maneno haya mezani kwako kabla ya kuyatoa. Walikuwepo Félix, Diane, Armel, na Muthoni na Lina mapajani. Nilipofika pale penye sauti, Armel aliinuka akaenda chumbani kwake. Diane aliendelea kuniangalia. Alisema kwa Kiswidi, polepole, "Wewe, mjomba?" Basi. Muthoni alifunika uso wa mtoto kwa kiganja, sijui kwa nini.

Nilifikiri Félix atanifukuza. Kisha akasema:

"Jioni ile nilimuuliza. Nikamwambia, mke wangu, ni nani aliyekutukana? Akaniambia hakuitambua sauti. Nikasema ni Obedi, watu wote wanasema ni Obedi. Akasema, si Obedi. Mimi nikadhani anamkinga kijana."

"Alisema hakuitambua?"

"Alisema hivyo mara mbili, shemeji. Hata hospitalini, nilipomuuliza tena."

Akachukua simu, akampigia Obedi, akanipa. "Ongea." Nikaongea. Obedi alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na yule ni mtu wa kukatiza. Halafu akasema, "Nilitaka kumbeba, kaka Callixte. Ni hilo tu."

Matanga yataondolewa Jumamosi hii. Misa ni saa tano asubuhi, kanisa lile lile tulikokuagia, kisha nyumbani Rinkeby. Viti ni mia moja, na waliokosa kuja mara ya kwanza wanakaribishwa. Hatutauliza mtu alikuwa wapi. Félix ameomba Obedi atangulie mbele na picha yako, naye amekubali.

Unakumbukwa na mumeo Félix, ambaye bado analala upande wake wa kitanda. Unakumbukwa na wanao Diane na Armel, na wifi yako Muthoni. Unakumbukwa na Anton na Rebecka wa Spånga, na Obedi wa Hagsätra, na wazee wa ile nyumba ya wazee waliobaki hai. Lina hawezi kukukumbuka, hakukuona. Tutamwambia.

Na mimi Callixte, mdogo wako. Hukuwahi kudanganya, dada, si kambini, si barazani, wala kumwambia mgeni umeshiba ilhali una njaa. Ulidanganya mara mbili tu ninazozijua, kwa mumeo, ukisema hukuitambua sauti yangu.

Tutakukumbuka siku zote tulizobakiwa nazo.